Barua ya Wazi kwa Walimu Vijana wa Piano: Anzeni na Kiti

Walimu vijana wa piano na kinanda,

Nawasalimu nyote. Nimefundisha piano kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza kanisani na baadaye majumbani kwa watu, na katika makosa yangu ya miaka hiyo liko moja ninalotaka mlisikie kutoka kwangu kabla hamjalirudia. Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa miaka kumi na minne aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani, aliniambia kuwa kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kikimuuma kila alipopiga skeli, yaani nota zinazopanda na kushuka kwa mfuatano. Nikamjibu kwamba mvumilivu hula mbivu. Akavumilia, kama alivyolelewa, hata asubuhi moja akashindwa kufungua kifuniko cha chupa. Mtihani ulipita bila yeye, na piano hakuirudia tena. Methali ile ni ya kweli, lakini haikutungwa kwa ajili ya kano za mkono.

Nami nilifundishwa hivyohivyo. Mwalimu wangu aliweka sarafu juu ya mgongo wa kiganja changu, na ilipodondoka, rula ilifuata. Ili isidondoke nilikaza mkono mzima kuanzia begani, na ukakamavu huo ndio ulioitwa mkao mzuri. Tabia hii ni ya zamani: mwaka 1814 Johann Bernhard Logier, mwalimu wa muziki, alipata hataza ya kifaa cha kubana mikono ya wanafunzi mbele ya piano, na kikauzwa sana Ulaya. Mwaka 1891 mtunzi na mpiga piano Mrusi Alexander Scriabin, akiwa bado mwanafunzi mjini Moscow, aliuumiza mkono wake wa kulia kwa mazoezi ya kupita kiasi, na miaka michache baadaye akatunga vipande viwili vya kupigwa kwa mkono wa kushoto peke yake. Chopin, mtunzi na mwalimu wa piano, alikuwa na busara zaidi, maana mwanafunzi aliyejisifu kwake kwamba hufanya mazoezi saa sita kwa siku alikatazwa kuzidisha saa tatu.

Naomba kila mmoja wenu afanye jambo hili akiwa na wanafunzi wake. Ashike kigasha chake, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo, kwa mkono wa pili, kisha achezeshe vidole. Atasikia nyama ikitembea chini ya ngozi, kwa sababu misuli mingi inayovuta vidole haiko kwenye vidole bali huko juu, na nguvu yake husafiri kwa kano zinazopita kwenye njia nyembamba ya kifundo. Sasa akunje kifundo kwa nguvu, juu au chini, achezeshe vidole tena, aone vinavyokuwa vizito. Mtoto akishalihisi hilo mwenyewe, hamtahitaji sarafu wala rula.

Kifundo kikipinda, msikimbilie kukisahihisha. Tazameni kiti. Hapa kwetu wengi tunafundisha kwa kinanda cha umeme kilichowekwa juu ya stendi ya chuma, na stendi hiyo mara nyingi imeachwa kwa urefu wa mtu anayeipigia kwaya kinanda akiwa amesimama, huku mtoto akikalia kiti cha plastiki kilicho kifupi na kinacholalia nyuma. Mabega yake yatapanda hadi masikioni hata akiwa na kipaji cha namna gani. Shusheni stendi, au mpachike viti viwili vitatu kimoja ndani ya kingine, mpaka kigasha kiwe sawa na usawa wa vibonye na kiwiko kining'inie kwa uzito wake. Mwanafunzi akae nusu ya mbele ya kiti, asiegemee. Miguu isielee hewani, kwa kuwa mtoto asiye na pa kukanyaga hujishikilia kwa mgongo na shingo. Kreti ya soda iliyopinduliwa inatosha kabisa. (Vitabu vya nyimbo acheni. Vinateleza, na mzee wa kanisa atawauliza.)

Jambo la pili linahusu kubonyeza. Kibonye cha piano halisi hushuka kwa uzito wa takriban gramu 50, na nyundo ikishaipiga waya hurudi papo hapo, hivyo nguvu yote anayoendelea kuisukuma mwanafunzi baada ya kusikia sauti haiongezi chochote isipokuwa uchovu wake. Mfundisheni kukibakiza kibonye chini kwa uzito ule mdogo tu unaokizuia kisipande. Nimeona wanafunzi waliozoea kinanda chepesi cha nyumbani wakikutana na piano halisi wiki ya mtihani, wakaanza kuitwanga kama wako kinuni. Watafutieni piano hiyo mapema, na siku za kwanza wapige dakika chache tu.

Oktava moja, yaani kutoka nota moja hadi ya nane yenye jina lilelile, ina upana wa kama sentimita 16.5. Mkono usiofika, usilazimishwe. Punguzeni nota moja, na mtunzi hatafufuka kulalamika.

Kuhusu mapumziko, mtoto ainuke kila baada ya dakika ishirini hivi, atembee, anywe maji. Mazoezi yaongezwe kidogo kidogo, hasa baada ya likizo na kuelekea Krismasi, ambapo kwaya humtaka mpigaji yuleyule kwa ibada mbili au tatu za siku moja. Uchovu ukiisha kwa kupumzika, si neno. Lakini maumivu makali, ganzi ya vidole, kuamka usiku mkono ukichonyota, au kudhoofika kwa mshiko, hayo ni ya kusimamisha mazoezi siku hiyohiyo na kumpeleka kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Msimpake dawa ya kuchua ili amalize mtihani. Mtihani upo tena muhula ujao.

Wiki hii, kabla ya kufungua kitabu, mketisheni kila mwanafunzi kimya, nanyi msimame ubavuni mwake, si nyuma yake kama tulivyozoea, mwangalie masikio, mabega, kiwiko na kifundo. Kisha mmuulize panapomuuma, na mngoje ajibu.

Wasalaam,
Mwalimu wenu mstaafu