Ndugu yangu, achana na hiyo 57

Ndugu yangu,

Meseji yako nimeisoma jana usiku na usingizi ukanitoka. Eti kwenye mieleka unataka kushuka hadi uzito wa kilo 57 na zimebaki wiki tatu tu mashindano yafike, kwa sababu pale kilo 65 kuna yule jamaa wa mikono mirefu ameshakushinda mara mbili na unaona nafasi haitoki. Nakuelewa kabisa, lakini kuna kitu sijawahi kukuambia na leo nakiandika chote.

Unakumbuka mechi yangu ya mwisho, ile ulikaa karibu na mlango, nikawekwa mabega yote mawili chini hata dakika mbili hazijaisha na kila mtu akasema nimekutana na mwenye nguvu? Haikuwa hivyo. Siku nne kabla nilikuwa nimezidi kilo nne, na aliyekuwa akitufundisha wakati huo akaniambia maji ni uzito wa bure, yaache. Nikayaacha. Nikavaa jaketi mbili juu ya karatasi kubwa ya nailoni niliyoitoboa ya kupitisha kichwa na mikono, nakimbia saa saba mchana jua likiwa utosini, jioni natema mate kwenye kopo, nikilala naota mfereji umeachwa wazi. Uzito nilifika, na nilishuka kwenye mizani nikicheka. Halafu mechi ikaanza, yule kijana akanishika mguu mara moja tu, paja likanikaza kama mbao, kichwa kikazunguka, refa nikawa namsikia kama yuko nyumba ya pili. Ulinifungua kamba za viatu ukidhani nalia kwa kushindwa. Nilikuwa nalia kwa sababu moyo ulikuwa unapiga vibaya na niliogopa nitafia pale.

Ndio maana habari ya Vinesh Phogat, yule mwanamieleka, iliniuma sana. Najua uliisikia, ila wengi wanakumbuka gramu 100 peke yake. Yule dada wa India uzito wake ulikuwa kilo 53, lakini nafasi ya 53 ilikuwa imeshachukuliwa na mwenzake, akaamua kushuka 50. Yaani kama wewe tu! Olimpiki ya Paris 2024 siku ya kwanza akamtoa Yui Susaki wa Japani, mtu ambaye hakuwa amewahi kushindwa mechi ya kimataifa, akaenda hadi fainali. Akala kidogo na kunywa ili apate nguvu za kupigana mechi tatu, uzito ukarudi, usiku kucha akawa anakimbia na kutoa jasho mpaka nywele wakamkata, na asubuhi ya tarehe 7 Agosti, alipopimwa tena kabla ya fainali, mizani ikasema bado amezidi gramu 100. Akatolewa, na kwa sheria za wakati ule akawekwa nafasi ya mwisho kabisa, hata shaba hakuipata. Gramu 100 ni kama nusu glasi ya maji, ndugu yangu.

Utaniambia kuna Aman Sehrawat, wa India pia, Paris hiyohiyo, alitoa kilo 4.6 kwa saa kama kumi akachukua shaba ya 57. Ni kweli. Lakini yeye alikuwa na makocha waliokesha naye wakimwangalia, na wewe utakuwa peke yako bafuni na ndoo ya maji ya moto na mlango umefunga. Marekani mwaka 1997 vijana watatu wa vyuo walikufa kwa muda wa kama mwezi mmoja wakijaribu kufika uzito hivyohivyo, kwa nguo za mpira na joto na bila maji, ndipo wakubwa wa michezo ya vyuo kule wakapiga marufuku sauna na hizo nguo. Ukikausha mwili damu inakuwa nzito, moyo unasukuma kwa taabu, na jasho la kukupoza halipo tena. Na mieleka si kama ndondi za kulipwa ambapo unapimwa leo unapigana kesho, sisi tunapimwa asubuhi na asubuhi hiyohiyo unaingia kwenye mkeka, sasa hayo maji utayarudisha saa ngapi?

Halafu piga hesabu. Shule za Marekani zinaruhusu mtoto apunguze asilimia 1.5 ya uzito wake kwa wiki, si zaidi. Wewe una 65, hiyo ni kama kilo moja kwa wiki. Kilo nane ni wiki nane, na una tatu. Na nikikutazama sioni hata mafuta ya kutoa, hizo kilo nane ni misuli na maji yako.

Baki 65. Yule wa mikono mirefu nimemwangalia vizuri, dakika tatu za kwanza ni moto lakini kipindi cha pili anashika mabega yako ili apumzike, na wewe siku hiyo ulikuwa umechoka kuliko yeye ndio maana hukuona. Hapo ndipo utamshinda. Fanya mazoezi kwa muda uleule wa mechi yenyewe, dakika tatu, pumzika nusu dakika, tena dakika tatu, mara nne au tano kwa siku, mwenzako mpya akiingia kila raundi na wewe hutoki. Mbebe mtu begani mpande ile milima ya nyuma ya kanisa. Panda kamba kwa mikono tu. Soda na mandazi ya asubuhi acha, ila ugali usiuache, punguza tu wa usiku, na kula omena, ndengu, mayai, maziwa ukipata. Kunywa maji mpaka mkojo uwe mweupe. Jipime kabla ya mazoezi na baada, ukiona kilo moja imepotea ujue ni maji, yarudishe lita moja na zaidi kabla hujalala.

Na tafadhali usijipime kwa yule kijana wa stendi wa kumi bob, mizani yake ilinidanganya nusu kilo nzima. Jumamosi nakuja na yangu, tutailinganisha na ile ya ukumbini. Nitalala kwenu, mwambie mama asihangaike na chapati.

Nijibu leo, hata kama umenikasirikia. Na kama umeshaanza kuacha maji, inuka sasa hivi unywe, ndio uendelee kunijibu.

Ni mimi ndugu yako.