Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Semina, jarida na vikao vya kamati vilikwenda kama mnavyojua. Hesabu mnazo kutoka kwa mweka hazina.

Nije kwenye lililozua maneno: waraka wa kupinga kufungwa kwa reli za matawi (njia ndogo zinazoungana na njia kuu), niliouandika mimi na kuuwasilisha bila kura yenu. Mkutano mkuu uliitishwa mara mbili, na mara zote mbili akidi haikutimia. Baadhi ya wanaolalamika leo, viti vyao vilikuwa vitupu.

Mnasema tawi lenye abiria wachache likatwe. Ripoti ya 1963 ya Beeching, mwenyekiti wa bodi ya reli za Uingereza, ilisema hivyohivyo: theluthi moja ya njia ilibeba asilimia 1 tu ya maili za abiria (jumla ya maili walizosafiri abiria wote), ikapendekeza kufunga vituo 2,363 na njia zipatazo kilomita 8,000. Ilitarajiwa abiria wa tawi waende kwa gari hadi njia kuu, wapande treni hapo. Wengi waliposhika usukani hawakuuachia hadi mwisho wa safari. Njia kuu ikakosa nauli za masafa marefu ambazo hesabu ya tawi haikuzionyesha.

Kosa ni kugawa gharama zote kwa wastani badala ya kuuliza ni ipi itakayokoma kweli. Ukifuta treni za mchana unaokoa mafuta na uchakavu kidogo. Mabehewa na karakana vinabaki, kwani asubuhi na jioni vinahitajika vilevile. Treni ikija kila dakika 10, abiria asiyefuata ratiba hungoja wastani wa dakika 5. Ikija kila 20, anangoja 10. Wengine huacha, na upungufu huo unageuka sababu ya kupunguza tena. Nauli nayo: kwa kanuni ya zamani, ukiipandisha asilimia 10 abiria hupungua asilimia 3, mapato yanaongezeka kama asilimia 6.7. Ni kweli, kwa muda mfupi. Baadaye watu hununua magari.

Yapo matawi ambayo daraja likihitaji kujengwa upya, hakuna nauli itakayolilipia. Hilo liko ukurasa wa pili wa waraka, kwa waliousoma.

Kuhusu ada, waliolipa hawafiki nusu. Nasi tumo humohumo: kodi ya ukumbi haipungui mkija wachache.

Mwakani, fedha zikiruhusu, tunatarajia kugusia mabasi.

Mwenyekiti