Kwa walimu wa madarasa na wazazi: mtoto wa selimundu asiachwe nyuma

Walimu wenzangu, na ninyi wazazi mnaolea watoto wenye selimundu hapa Kanda ya Ziwa, nawasalimu.

Nilishika chaki miaka 34 kabla ya kustaafu. Katika miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na binti darasa la tano, wiki hii yupo, wiki ijayo hayupo. Kwenye rejista nilimwandika mtoro, na siku aliyorudi nikamchapa pamoja na watoro. Kumbe alikuwa amelazwa siku tisa kwa maumivu ya mifupa. Mama yake hakuniambia, nami sikuuliza. Kosa ni langu, maana rejista ilikuwa mkononi mwangu na pengo nililiona.

Ugonjwa wenyewe mnaujua. Chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu, zikaziba mishipa midogo, mtoto akalia usiku kucha. Baridi, kiu, malaria, hata mchakamchaka wa asubuhi, vyaweza kuyaamsha maumivu. Baada ya siku tatu au wiki anaamka, anacheza na wenzake. Mwezi unaofuata analala tena. Kila mwaka Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye hali hii, na kanda yetu ni miongoni mwa zinazoongoza. Haiwezekani darasa lako lenye watoto tisini likakosa hata mmoja kwa miaka yote utakayofundisha.

Mwaka 2020 shule zilipofungwa Machi hadi mwishoni mwa Juni, wote walikosa pamoja. Tulipofungua tulianzia tulipoishia, hakuna aliyeaibika. Mtoto wa selimundu anakosa peke yake. Akilala wiki ile mnayofundisha hesabu za sehemu, kama nusu na robo, atakaporudi mko kwenye desimali, na asilimia zikija haelewi chochote, kwa kuwa nguzo ya chini haikusimamishwa. Hapo ndipo tunapoanza kusema mtoto huyu ni mzito. Si mzito. Amekosa siku nne tu, ila zilikuwa siku nne za sehemu.

Kwa hiyo nawaombeni msimpe daftari la mwenzake akopi kurasa ishirini. Anachoka mkono na hajifunzi kitu. Mwalimu, chagua wewe kilichobeba wiki: jambo moja la hisabati, kifungu kimoja cha kusoma, mazoezi matatu. Yaandike kwenye daftari dogo ambalo ni la mtoto huyo peke yake, ampelekee jirani yake anayesoma naye. Mzazi mwenye simu janja atumiwe picha ya ubao kwa WhatsApp. Mwenye kitochi apigiwe, mwalimu amsomee maswali mawili ayaandike. Akirudi, kaa naye dakika kumi wakati wengine wanafanya zoezi, mwanze na lile alilokosa. Jaribio alilolikosa mpe siku nyingine. Usimwandikie sifuri kwa siku aliyokuwa na dripu mkononi.

Wazazi, mwambieni mwalimu wa darasa tangu siku ya kwanza ya muhula. Najua mnaogopa mtoto kunyooshewa kidole. Lakini mwalimu asiyejua atamkatalia kwenda chooni, na mtoto huyu lazima anywe maji mengi. Kwenye mfuko wa kliniki, pamoja na kadi na dawa, tieni kitabu kimoja cha kusoma. Maumivu yakiwa makali mwacheni apumzike, hapo hakuna masomo. Yakipoa, kwa kawaida huwa amechoka kulala na anatamani kushughulishwa. Msomeeni, mwulizeni, hata akiwa hawezi kushika kalamu.

Kuna jambo moja msilisubirishe. Mtoto aliyekuwa mwepesi akianza ghafla kusahau, au mkono ukalegea, au mdomo ukaenda upande, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Selimundu huweza kuleta kiharusi hata kwa mtoto mdogo.

Sasa niseme linaloniuma zaidi. Nimelisikia kwenye vikao vya wazazi na kwenye ofisi za walimu, likisemwa kwa sauti ya chini: huyu hatafika mbali, ya nini kumsumbua. Tukishaamini hivyo, tunaacha kumfundisha kabla ugonjwa haujamfanya lolote. Leo kuna kliniki, kuna haidroksiyurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu, na wapo watu wazima wenye selimundu walioajiriwa na wanaolea watoto wao. Walihitaji kujua asilimia kama mtu mwingine yeyote.

Jumatatu, mkimaliza kuita majina, someni tena yale yasiyoitikiwa. Kabla ya kengele ya kutoka, mjue kila mmoja wao yuko wapi, na nani atampelekea daftari.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, Mwanza