Jina la baba yangu nabaki nalo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mabinti wenzangu wanaokaribia kufunga ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimlazimishi mke kuchukua jina la mume. Wengi hudhani inalazimisha. Hata mimi nilidhani hivyo.

Dada yangu alibadili jina mara tu baada ya harusi. Cheti chake cha kidato cha nne kina jina la baba, kitambulisho cha taifa kina la shemeji. Alipoitwa kazini, afisa utumishi alivilaza vyote viwili mezani, akaweka kidole kwenye jina moja, kisha kwenye jingine, akauliza: "Huyu nani, na huyu nani?" Ikabidi aende kwa wakili kula kiapo kwamba yeye ni yeye. Alirudi nyumbani macho yamevimba.

Bibi zetu Waislamu hapa Tanga waliolewa, wakazaa, wakazikwa na majina ya baba zao. Nani aliwahi kusema hawakuwaheshimu waume zao? Mtaani waliitwa mama fulani, basi.

Anayependa jina la mumewe alichukue kwa moyo mkunjufu, simlaumu. Ila mawifi na wakwe, tafadhali msimsukume bi harusi.

Mimi naolewa baada ya Idi. Nilipomweleza mchumba wangu, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Niliyemposa ana jina hilohilo."

Bi harusi mtarajiwa,
Tanga