Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wachimbaji Wadogo, Moshi

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: leseni zimelipiwa, mafunzo ya usalama wa maduara, yaani mashimo yetu ya kuchimbia, yamefanyika, Nane Nane pale Njiro tulikuwepo. Sitawachosha.

Hesabu ni hizi. Wanachama 64, waliolipa ada ya 60,000 ni 23, yaani shilingi 1,380,000, akiba ya nyuma 4,150,000, upimaji 3,200,000, vikao na chai 410,000, salio 1,920,000. Wanaodai hesabu kwa sauti kubwa zaidi wamo katika wale 41 wasiolipa.

Sasa upimaji, yaani kupima umeme wa asili wa ardhini ili kujua madini yalipo kabla ya kuchimba. Nimesikia inasemwa mtaani kwamba mwenyekiti kanunua vyungu vya milioni tatu badala ya kompresa ya kutobolea mwamba. Fedha zile zilimlipa mtaalamu, vibarua na gari. Vyungu ni vya udongo usiopakwa rangi, ndani yake kuna maji ya mrututu (salfeti ya shaba) uliokolea na kipande cha shaba; ndivyo vinavyokaa ardhini na kuunganishwa na mita. Mtu aliuliza kwa nini tusipigilie nondo tu. Nondo ikigusa udongo wenye unyevu huzalisha umeme wake yenyewe, nawe utapima nondo, si mwamba.

Mwamba wenye salfaidi, yaani madini ya metali yaliyoungana na salfa, ukilala nusu juu ya usawa wa maji na nusu chini yake, hufanya kazi kama betri: chini elektroni zinaachiliwa, juu oksijeni inazipokea. Usoni mwa ardhi volti hushuka kuwa hasi. Huu si uchawi. Robert Fox aliupima umeme huo katika migodi ya shaba ya Cornwall mwaka 1830, na Conrad Schlumberger akapata shaba kwa njia hiyo huko Bor, Serbia, mwaka 1913. Kompresa ingetoboa shimo zuri sana mahali pasipo na kitu.

Kwetu, upande wa mteremko, kipimo kilifika hasi milivolti 280. Wapo wanaosema hicho ni kinywe (grafiti), si madini tunayotafuta. Kweli, kinywe hutoa hasi kubwa hata kuliko shaba, na kila aliyefanya kazi Mirerani anajua kilivyojaa kule. Ndiyo maana mimi binafsi, mbele ya kamati, nilizuia duara lisifunguliwe kabla ya kuchimba mtaro mfupi na kupeleka sampuli maabara. Nilipingwa, nikasimama. Kipimo cha kusukuma umeme ardhini, ukaukata na kutazama unavyofifia, kingeongeza habari, ila nacho kinaitikia kinywe, na bei yake hatuiwezi kwa ada za watu 23.

Matokeo ya upimaji yalisomwa kikao cha Agosti. Tulikuwa tisa, pamoja na mlinzi wa ukumbi. Walalamikaji wote walikuwa na misiba siku hiyo hiyo.

Mwakani, Mungu akipenda, tutachimba mtaro, tutatafuta mfadhili, na kompresa nayo tutaiangalia. Mweka hazina yupo mlangoni na kitabu cha risiti.