Tutumiane kiraka, si faili zima

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi makatibu wa vyama vya ushirika waache kutumiana faili zima kila wanaporekebisha kifungu kimoja.

Chama chetu hapa Moshi kilipopitia upya masharti yake, watu watatu walipewa rasimu ileile, kila mmoja akairekebisha kwake na kuirudisha, na nakala iliyofika mwisho ndiyo iliyochapwa. Kifungu cha malipo ya pili ya kahawa, ambacho wanachama walikijadili tangu asubuhi hadi alasiri, kikabaki kama kilivyokuwa zamani. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini wakulima waliumia.

Waandishi wa programu walikwisha kukutana na tatizo hili. Mwaka 1985 Mmarekani Larry Wall alitoa programu iitwayo patch, yaani kiraka, inayosoma faili dogo la maandishi matupu lenye mabadiliko peke yake. Mstari unaoondolewa hutanguliwa na alama ya kutoa, na unaoongezwa alama ya kujumlisha:

-Malipo ya pili yatafanyika mwezi Machi.
+Malipo ya pili yatafanyika ndani ya siku 30 baada ya mnada.

Juu na chini yake huwekwa mistari ambayo haikuguswa, kwa kawaida mitatu kila upande, na hiyo ndiyo ninayoithamini kuliko yote. Kwa kuifuata, programu hupata mahali palipokusudiwa hata kama mwenzako ameshaongeza vifungu vingine juu yake. Isipoiona, hukataa kubandika na kuliweka badiliko hilo katika faili la pembeni ili mtu aliamue. Kwetu sisi badiliko lilipotea kimyakimya.

Si lazima kiraka kiandikwe kwa mkono, kwa kuwa programu ya diff, iliyozaliwa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, katika miaka ya 1970, hulinganisha nakala ya zamani na mpya na kukitoa yenyewe. Sharti ni kwamba rasimu itunzwe kama maandishi matupu, bila mapambo. Zaidi ya hayo, kiraka husomeka hata kwa mzee asiyewahi kugusa kompyuta: katibu akikisoma kwa sauti mkutanoni, kila mwanachama atajua ni neno gani linatoka na ni lipi linaingia kabla hajanyoosha mkono kupiga kura.

Kiraka cha kifungu chetu, mistari 11 pamoja na vichwa vyake (mistari ya juu inayotaja faili na mahali pa badiliko), nimekwisha kukikabidhi kwa katibu kwa ajili ya mkutano mkuu ujao.

Mkulima wa kahawa,
Moshi.