Kabla ya rangi ya kitambaa, tuambieni ukubwa wa sufuria

Mhariri,

Kurasa za mapishi na sherehe katika magazeti yetu zina ugonjwa mmoja: huanza na rangi. Msomaji anayetaka kualika watu 20 kwa siku ya kuzaliwa, mahafali au kumbukumbu ya ndoa huonyeshwa kwanza kitambaa, maua na maputo, kisha hutupiwa orodha ya vyakula tisa visivyo na vipimo. Haambiwi sufuria iwe ya lita ngapi, kipi kipikwe siku moja kabla, wala kipi kitawadhuru wageni kikisahauliwa mezani. Sisi ambao kuandaa karamu ndogo ndiyo kazi yetu tunaomba mpangilio huo upinduliwe.

Karamu ya watu 10 hadi 30 ina ugumu ambao harusi ya watu 300 haina. Hakuna timu ya wapishi, hakuna majiko ya kukodi, na anayekoroga mchuzi ndiye huyo huyo anayefungua mlango. Kwa hiyo swali la kwanza si "tule nini?" Swali ni jiko lina vichomeo vingapi, oveni inachukua sinia ngapi, na jokofu lina nafasi kiasi gani. Jiko la vichomeo vinne halibebi sufuria nne za watu 20. Sufuria mbili pana zikishakaa, vichomeo viwili vilivyobaki havina pa kuwekea kitu. Oveni nayo hudanganya. Sinia mbili za kuku, moja juu ya nyingine, haziivi kwa muda wa sinia moja. Mvuke hujaa ndani, ngozi haikauki, na kuku aliyetakiwa kuwa wa rangi ya dhahabu hutoka kama aliyechemshwa. Ukilazimika kuweka mbili, ongeza muda, acha nafasi kati ya vipande, na zibadilishane juu na chini katikati ya uokaji.

Menyu inayokwenda na jiko la nyumbani ina chakula kimoja cha oveni, kimoja au viwili vya jikoni, kimoja cha baridi, na kitamu kilichokwisha tangu jana. Kinachodai mkono dakika ya mwisho kiwe kimoja tu. Vya kukaanga ndivyo vinavyowaponza wengi. Kikaango kinachobeba vipande 8 kitahitaji awamu 8 ili kutoa vipande 60. Kila awamu ikichukua dakika 6, hizo ni dakika 48 za kusimama jikoni, na vipande vya kwanza vimeshalainika kabla vya mwisho havijatoka. Ukijaza kikaango ili kuokoa muda, mafuta hupoa na chakula huyanywa.

Sasa vipimo. Kwa mtu mzima mmoja, pima mchele mkavu gramu 80 hadi 100, nyama isiyo na mfupa gramu 180, au yenye mfupa gramu 300, na saladi gramu 80 hivi. Nyama hupungua takriban robo ya uzito wake ikiiva, kwa hiyo vipimo hivyo ni vya nyama mbichi. Ukiwa na vitoweo viwili, usipike kila kimoja kwa wageni wote 20. Watu huonja vyote, lakini tumbo haliongezeki. Pika kila kimoja kwa watu 13 au 14. Kosa la kuzidisha kila chakula kwa idadi yote ya wageni ndilo linalojaza jokofu kwa wiki nzima.

Wali unastahili aya yake, kwa sababu hapo ndipo hesabu ya shule inapomwangusha mpishi. Kikombe kimoja cha mchele hupikwa kwa vikombe viwili vya maji, basi vikombe 10 vitataka 20? La. Mchele hunyonya kikombe kimoja cha maji na zaidi kidogo. Maji mengine hupotea kama mvuke. Kinachopotea hutegemea upana wa sufuria na muda wa moto, hakikui kwa kasi ileile ya mchele. Vikombe 10, ambavyo ni kama kilo 2 na vinatosha watu 20, anza na vikombe 13 vya maji, uwe na birika la maji ya moto kando, na uongeze kidogo kidogo kulingana na aina ya mchele. Ukimimina vyote 20 utapata uji juu na ukoko chini. Mchele huo ukiiva hujaza kama lita 7 na nusu, kwa hiyo sufuria iwe ya lita 10, pana kuliko ndefu. Kwenye ndefu, wali wa chini hubondwa na uzito wa wa juu.

Chumvi na pilipili vianze na robo tatu ya hesabu, robo ya mwisho iingie baada ya kuonja, mchuzi ukishakuwa mzito. Keki usiiongeze kina: unga maradufu ndani ya chombo kilekile huungua pembeni katikati kukiwa kubichi. Oka mbili.

Vinywaji huhesabiwa kwa saa. Glasi 2 kwa kila mgeni saa ya kwanza, kisha glasi 1 kila saa inayofuata. Watu 20 kwa muda wa saa tatu ni glasi 80, na kwa glasi ya mililita 250 hizo ni lita 20. Nusu yake iwe maji ya kunywa. Barafu ni nusu kilo kwa mtu, yaani kilo 10. Jokofu la nyumbani halitengenezi kiasi hicho kwa usiku mmoja. Anza siku nne kabla, ukihamishia barafu iliyoganda kwenye mifuko.

Kuna jambo ambalo kurasa za sherehe hulikwepa, labda kwa kuhofia kuharibu hamu ya kula. Bakteria huzaana upesi kati ya nyuzi joto 5 na 60 za selsiasi. Chakula kilichopikwa kisikae katika joto hilo zaidi ya saa mbili, na hewa ikizidi nyuzi 32, zaidi ya saa moja. Wali una hatari yake ya pekee: mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, kisha wali ukiachwa vuguvugu huamka, huzaana na kutoa sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Ndiyo maana "tutaupasha tu" si jibu. Sufuria kubwa ya mchuzi wa nyama iliyofunikwa na kuachwa ipoe usiku kucha ina mkosi wake pia, bakteria aitwaye Clostridium perfringens, kwa sababu katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi.

Dawa ni kupooza haraka. Gawa chakula kwenye sinia zenye kina kisichozidi sentimita 5, zikalishe kwenye beseni la maji na barafu, na ukoroge. Kishuke hadi nyuzi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne nyingine. Siku ya sherehe kipashwe hadi nyuzi 74 katikati. Kipimajoto cha chakula ni kifaa kidogo kinachofaa kuliko nusu ya mapambo. Mezani weka bakuli dogo, na lingine lisubiri kwenye oveni au jokofu. Likiisha, ondoa bakuli lote na ulete jipya. Usimwage chakula kipya juu ya mabaki ya kile cha zamani.

Ratiba ipangwe kurudi nyuma. Chakula kikiwa saa 1:00 usiku, nyama itoke kwenye oveni saa 12:30 na ipumzike chini ya foili, maana ikikatwa papo hapo maji yake humwagikia ubaoni. Maji ya wali yawekwe jikoni saa 11:45, kwa sababu sufuria ya lita 10 haichemki upesi kama ya lita 2. Saladi ikatwe mchana lakini chumvi na siki viingie dakika ya mwisho. Chumvi huvuta maji, na baada ya saa moja bakuli huwa supu. Nusu saa kabla ya mgeni wa kwanza isipangiwe kazi yoyote. Itajaa yenyewe.

Baada ya hayo yote ndipo ije thimu, yaani rangi na wazo moja linalobeba sherehe. Ichaguliwe ili ikifuate chakula, isikilazimishe. Tumeona menyu ikipinduliwa ili kila kitu kiwe cha buluu, na matokeo yake ni ndimi na meno ya buluu kwenye kila picha. Wazo lionekane sehemu tatu: mwaliko, meza na kitamu. Rangi moja kuu, moja ya kuisaidia, na nyeupe kwa nafasi iliyobaki. Chakula kingi kilichopikwa ni cha kahawia au manjano, hivyo sahani nyeupe na majani mabichi machache huking'arisha kuliko kitambaa chenye maua makubwa. Pambo la katikati lisizidi sentimita 30, la sivyo wageni watazungumza na chombo cha maua. Mishumaa yenye manukato ikae sebuleni, kwani mezani hugombana na harufu ya chakula. Maua ya dukani yasichomekwe kwenye keki: mengi hupuliziwa dawa, na mengine yana sumu yenyewe. Kwa watoto walio chini ya miaka minane, puto lisilojazwa au kipande cha puto lililopasuka huweza kuziba koo, kwa hiyo vipande viokotwe mara moja. Zabibu mbichi nazo zikatwe kwa urefu, vipande vinne, kwa walio chini ya miaka mitano.

Kwenye meza ya kujihudumia, sahani zitangulie, kisha wali, mboga, na nyama mwisho. Uma, vijiko na vitambaa vya mkono viwe mwisho kabisa ili mtu asivishike wakati anapakua. Meza isigusane na ukuta, wageni wapite pande zote mbili. Vinywaji viwe kwenye meza nyingine, mbali, maana anayechagua kinywaji husimamisha foleni nzima.

Mzio uulizwe kwenye mwaliko, si mlangoni. Karanga, ufuta, maziwa, mayai, ngano, soya, samaki na kamba viandikwe kwenye kadi mbele ya chakula kilicho navyo, na kila bakuli liwe na kijiko chake. Kuondoa karanga zilizonyunyizwa juu hakutoshi kwa mwenye mzio nazo.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Kila menyu ya sherehe mnayochapisha iambatane na mistari mitano: inatosha watu wangapi, sufuria na sinia za ukubwa gani, nini kipikwe siku moja kabla, nini kiingie oveni saa ngapi, na kila chakula kinaweza kukaa mezani muda gani. Menyu ijaribiwe kwanza kwenye jiko la nyumbani, kwa idadi ileile ya watu iliyoandikwa. Mistari hiyo haichukui hata robo ya ukurasa; picha ya kitambaa bado itapata pa kukaa.

Ni sisi,
Waandaaji wa karamu ndogo